Mkalimani wa Fundi

Katika maisha yangu nimekiri makosa mengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na hakuna hata moja nililolitenda. Nimesema "niliiba" mara nisizoweza kuzikumbuka. Nimesema "nilimpiga na mchi, akaanguka". Nimesema "huyo mtoto si wangu", na msichana aliyekuwa amembeba mtoto akanitazama mimi kwa chuki, si yule kijana aliyeyasema. Nilikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi hiyo ina sheria moja inayowashinda wengi: husemi "anasema aliiba". Unasema "niliiba". Mtu akisema mimi, na wewe unasema mimi. Huongezi, hupunguzi, humtafutii neno la adabu pale alipotukana. Unasimama wima, mikono nyuma, macho ukutani juu ya kichwa cha hakimu, na maneno yanapita kwako kama maji kwenye bomba.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Mawakili walibishana juu ya kila kitu, hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, lakini tafsiri yangu hawakuigusa. Nikishasema, limesemwa.

Siku ya kuniaga walinipa feni ya mezani na hotuba. Hakimu alisema kwamba mzee wetu amesema ya watu vya kutosha, sasa wakati umefika akaseme yake. Watu wakapiga makofi. Nikasimama kujibu, nikatafuta hayo yangu, sikuyaona. Nikashukuru kwa feni, nikaketi. Walidhani machozi yamenibana. Yangenibana ningefurahi, maana angalau ningekuwa na kitu ndani.

Ukistaafu watu wanakupongeza kana kwamba umepona ugonjwa. "Hongera mzee, sasa ni kupumzika." Sikuwa nimechoka. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Nyumbani nilimkuta mke wangu na maisha yake yamejaa pomoni. Alikuwa fundi cherehani, na baraza yetu ndiyo ilikuwa duka lake: cherehani pembeni, vitambaa juu ya meza, wateja wakiingia na kutoka, umbea ukipimwa kwa futi kamba pamoja na viuno. Mimi nilimwita Fundi tangu ujana wetu. Yeye aliniita Mheshimiwa, na haikuwa kwa heshima.

"Mheshimiwa, sogeza miguu, unanikanyagia kitambaa cha watu."

"Mheshimiwa, mbona unamkodolea mteja macho kama shahidi wa uongo?"

Siku moja mteja alimwambia, "Fundi, nipunguzie kiuno." Nilikuwa nimekaa hapo na gazeti nililokwisha kulisoma. Nikamweleza yule mama kwamba kiuno chake fundi hawezi kukipunguza, kinachopunguzwa ni kiuno cha gauni, na kwamba ni vizuri mtu kusema anachokusudia. Yule mama alichukua gauni lake akaondoka bila kuaga. Fundi akaweka mkasi chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuutumia.

"Mheshimiwa, mahakama ziko nyingi hapa duniani. Katafute moja uhamie."

Nikatoka kwenda kwa wastaafu wenzangu waliocheza drafti nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mmoja alikuwa mkuu wa stoo, na kila siku alitutembeza ndani ya stoo yake, rafu kwa rafu. Mwingine alikuwa mpima ardhi. Huyo hakuzungumza, alichora tu kwa kidole mezani. Niliwatazama nikajiona. Sikurudi tena. Nikafuga kuku, wakafa wote kwa ugonjwa ambao mtaa mzima ulijua dawa yake isipokuwa mimi. Nikajaribu kusali zaidi, lakini hata kwa Mungu nilijikuta sina maombi yangu, naombea watu tu.

Asubuhi nilivaa shati, nikafunga kamba za viatu, halafu nikabaki nimekaa kitandani nikivitazama vile viatu. Sitaki kudanganya: sikupanga kufa, ila kama kesho ingefutwa nisingelalamika. Fundi alinisikia nimenyamaza chumbani akaniita kutoka barazani, "Mheshimiwa, uko hai huko?" Nami nilijibu niko hai kwa sababu ndilo jibu fupi.

Halafu yeye ndiye aliyeanguka. Ilikuwa asubuhi, mguu wake ungali kwenye kibao cha cherehani, na sindano ikaendelea kidogo kushona bila mtu. Kiharusi, daktari alisema. Upande wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito mdomoni.

Wodini watoto wetu wawili walimwinamia wakilia. "Mama, unasema nini? Mama!" Alikuwa akisema "aa". Aa, aa, na machozi yanamtiririka. Muuguzi akadhani ni maumivu, akaanza kuandaa sindano. Nikasikia. Siwezi kueleza nilisikiaje, ila miaka yote ya kusikiliza watu wanaotetemeka kizimbani ilinijia pale kwa pamoja.

"Taa," nikasema. "Inammulika machoni. Zimeni."

Wakazima. Fundi akafumba macho, akashusha pumzi. Wote wakageuka wakanitazama mimi, mwanangu, binti yangu, muuguzi na sindano yake. Nami nilifurahi. Mke wangu amelala pale nusu yake imekufa, na mimi moyoni nilifurahi kama mtu aliyeitwa kazini.

Ugonjwa ulimwachia m na n na irabu zote. Herufi nyingine laini alizipata kwa taabu, na hizi ngumu, k na t na ch na ndugu zao, zilikwenda moja kwa moja. Kwa hiyo taa ilikuwa "aa", na kaa ilikuwa "aa", na kata ilikuwa "aa", na kaka yake aliyekuja kumwona naye akawa "aa" na akaondoka amenuna. Kujua ni ipi ilibidi umtazame macho, ujue ni saa ya nini, ujue aliyetoka na aliyeingia. Watoto hawakuweza. Majirani hawakuweza. Mimi niliweza.

Mara ya kwanza tuliporudi nyumbani nilimtembeza kutoka kitandani hadi dirishani, akaegemea ukuta, akasema, "Nimeoa."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Umeoa, Fundi? Nani huyo aliyekubali?" Alikuwa anasema nimechoka. Ukizitoa ch na k katika nimechoka, unabaki umeoa. Naye akaelewa nilichosikia, akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Tangu hapo ukawa utani wetu. Akichoka anasema nimeoa, nami nampa pole ya ndoa.

Mtaani kote hapakuwa na mstaafu mwenye raha kunishinda. Naamka nina kazi. Wageni wakija nakaa kiti cha pembeni ya kitanda, wanamsalimia yeye, nawajibu mimi. "Anasema karibuni. Anasema mwanao amekua. Anasema hiyo rangi ya kitambaa haikufai." Nyumbani nilitumia "anasema", maana watu wa nyumbani hawajui sheria za mahakama, ungewachanganya bure. Wateja wake wa zamani walitikisa vichwa wakisema, jamani, hayo ndiyo mapenzi. Nami niliamini. Wakati mwingine hakuwa amesema kitu, alimtazama tu mgeni, nami nikatafsiri ule mtazamo. Ukimya nao una maana, nilijiambia, na mwenye kuijua ni mimi.

Hospitali walikuwa wakimleta mtaalamu wa matamshi kila wiki, binti mwembamba mwenye begi la kadi za picha. Anainua kadi: "Mama, hii ni nini?" Fundi anatazama, midomo inatetemeka, jasho linamtoka juu ya mdomo, anatafuta. Nami namwona anavyoteseka.

"Kikombe," nasema. "Anasema kikombe."

"Mzee, sijakuuliza wewe."

Siku hiyo nilimsindikiza mpaka getini, akanisimamisha. "Mzee wangu, nisamehe nikikuambia. Neno likimchelewa, mwache alitafute mwenyewe. Ukimpa wewe, halimrudii tena."

Nikamjibu kwamba nimefanya kazi na maneno tangu yeye hajazaliwa. Alipokuja tena nikamwambia mgonjwa anachoshwa na zile kadi, tutampigia simu akipata nguvu. Sikupiga. Siku ambayo mtaalamu alizoea kuja, Fundi alikaa dirishani akaangalia geti asubuhi nzima, mwisho akanigeukia akauliza. Nikamjibu, "Umechoka, Fundi. Upumzike kwanza." Akatikisa kichwa. Nikatafsiri kwamba amekubali kwa shingo upande.

Kilichowaleta watoto ni bafu. Niliteleza nikiwa nimemshika, tukaanguka wote wawili, naye akapata uvimbe kwenye paji la uso. Binti yetu aliuona kwenye simu ya picha, akampigia kaka yake, na Jumapili mchana wakawa wote wamekaa sebuleni. Mwanangu mkubwa ni mkandarasi wa majengo, anaongea na kila mtu kana kwamba yuko juu ya jukwaa la mbao na wewe uko chini na ndoo ya zege. Binti ni mwalimu wa chekechea, mpole, ila akishikilia jambo halitoki. Fundi tulimkalisha kwenye kochi katikati yao, na khanga juu ya miguu.

Binti alianza. "Mimi naona Mama aje kwangu. Chumba kipo, na kliniki ya mazoezi iko ng'ambo ya barabara tu. Kule atafundishwa kuongea kila siku. Hapa huyo dada wa kadi haji tena, sijui kwa nini."

Nikatazama kikombe changu.

"Mama hatoki hapa," kaka yake akasema. "Hii ni nyumba yake. Mgonjwa ukimhamisha unamwua."

"Tumuulize basi mwenyewe."

"Tumuulize nini? Hata akisema anataka kuondoka, huo ni ugonjwa unasema. Mgonjwa wa kichwa humuulizi, unamwamulia." Aliyasema hayo mama yake amekaa hapo karibu, goti kwa goti. "Halafu fikiria. Baba yupo, anampenda, anamwelewa. Unataka umtoe kwa mtu anayemwelewa, umpeleke kwako ukaambiwe aa usijue ni taa au ni kaka yake? Akili gani hiyo?"

Nilivimba kichwa. Nakumbuka nilinyoosha hata mgongo. Nilikuwa nimeiogopa Jumapili ile wiki nzima, maana nilijua akiondoka yeye nitarudi kule kwenye viatu na kitanda. Sasa mwanangu alikuwa ameshanishindia kesi bila mimi kufungua mdomo.

Akanigeukia. "Ila Baba, na wewe tuambie ukweli. Umri umekwenda. Unaweza kuendelea naye? Usituonee haya, sema tu."

Nikavuta pumzi ili nijibu. Fundi akaanza kusema.

Hakusema neno moja kama kawaida yake. Alisema maneno mengi, akiwa ameinamia khanga yake, polepole, bila kukwama, na hapo hapo nikajua kwamba maneno yale alikuwa ameyapanga siku nyingi, peke yake, kimyakimya, nikiwa nimekaa kando yake nikitafsiri ukimya huohuo kwa wageni. Wengine walisikia mngurumo tu wa irabu. Binti alidaka kipande kimoja. Akamwekea mkono begani akasema kwa huruma, "Masikini, mnasikia? Anasema ameoa, ameoa naye. Anakumbuka ndoa yao. Basi Mama, basi, tulia."

Mimi nilikuwa nimesikia yote.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama, mikono nyuma, macho ukutani juu ya kichwa cha mwanangu, pale ilipo picha ya harusi ya dada yake. Anasema, ule msemo wangu wa nyumbani, haukunijia hata kidogo. Maneno mazito nilizoea kuyasema kwa namna moja tu. Huongezi, hupunguzi.

"Nimechoka naye," nikasema. "Kutwa nzima ni mimi na yeye. Nikinyamaza, hanyamazi. Sipati hata nafasi ya kulifikiri neno langu mwenyewe. Simchukii, Mungu anajua. Tumetoka mbali. Lakini nikiendelea kukaa naye humu nitakwisha. Naomba mtutenganishe."

Nikaketi. Nilikuwa nimeifanya kazi sawasawa. Nikangoja wamgeukie Fundi.

Hawakumgeukia. Binti alikuwa ameinuka, amemziba mama yake masikio kwa viganja vyote viwili.

"Baba!"

"Mbele yake?" mwanangu akasema. Sauti yake ya jukwaani ilikuwa imekwisha, alikuwa ananong'ona. "Mbele yake, Baba? Si ungeniita nje?"

Kwanza sikuelewa. Nilidhani wananionea huruma, kwamba nimelazimika kuyasema mimi yaliyo juu yangu. Halafu nikaona wananitazama vile yule msichana mwenye mtoto alivyonitazama mahakamani, na nikayasikia tena maneno yangu kwa masikio yao. Nimechoka naye. Lugha yetu haisemi huyu naye ni mume au ni mke. Wameniuliza mimi kama naweza, nikasimama, nikajibu.

Fundi alielewa kabla yangu. Aliitoa mikono ya binti masikioni kwa mkono wake mmoja mzima, akajigonga kifuani. M na n hazikumwacha, kwa hiyo hili lilitoka safi, kila mtu alilisikia.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi. Ni mimi."

"Hapana, Mama!" Binti akapiga magoti akamkumbatia. "Si wewe. Kosa si lako hata kidogo. Usijilaumu, Mama yangu."

"Ni mimi!" Fundi akarudia, akinitazama mimi juu ya bega la binti, akinisihi kwa macho nimsaidie. Na binti akalia kwa nguvu zaidi, akimwambia si wewe, Mama, si wewe.

Ilibaki sentensi moja tu. Hayo si yangu, ni ya mama yenu. Ningeisema, wangeduwaa kidogo, halafu wangeshusha pumzi, labda tungecheka. Mwanangu angesema, si niliwaambia, huo ni ugonjwa unasema. Angeinuka apige simu atafute mtu wa kusaidia kuogesha. Fundi angebaki kwenye kochi lile, na mimi kwenye kiti changu cha pembeni, na kesho wageni wangekuja na ningewaambia anasema karibuni. Kila nilichokitaka duniani kilikuwa ndani ya sentensi ile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikamtazama. Nikaona mwanamke aliyetumia wiki nzima, labda mwezi mzima, kukusanya maneno yake kipande kwa kipande kama mabaki ya vitambaa, akijificha ili mimi nisimmalizie. Na alipoyapata yote, kazi aliyoyapa ya kwanza ilikuwa kuniomba niondoke masikioni mwake. Niliumia. Niliumia kiasi kwamba nilitaka kumpigia kelele pale pale: nimekulisha, nimekuogesha, nimekuwa ulimi wako. Na katika kumpigia kelele huko moyoni nikasikia kwamba hata sasa ni mimi tu ninayeongea.

Nikafunga mdomo.

"Baba, huna hata la kusema?" mwanangu akauliza.

"Nimeshasema," nikajibu.

Binti aliingia chumbani kukusanya nguo. Nilimsikia akifungua kabati lisilo lenyewe, akifungua jingine. Nikaenda mlangoni. "Sweta zake ziko chini, upande wa—"

"Nitaziona."

"Na dawa ya asubuhi anaipenda na uji, kwa maji inamkaba."

"Nitamuuliza daktari, Baba."

Alitoka na mizigo bila kunigusa. Mtoto huyu nikimpeleka shule alikuwa akining'ang'ania mguu mpaka mwalimu wake anabandua vidole kimoja kimoja. Nilikaa mahali pangu penye kiti cha pembeni nikatazama kitanda ambacho shuka lake lilikuwa bado limebonyea upande mmoja. Kile nilichokiogopa wiki nzima kilikuwa kimefika, na kilikuwa kibaya zaidi ya nilivyokiogopa, maana mwanzo angalau nilikuwa na watoto.

Mwanangu alimbeba mama yake mpaka kwenye gari. Niliwafuata kwa nyuma, hakuna aliyenikataza. Jirani alikuwa anaanika nguo, akasimama na shati la mumewe mkononi kutusikiliza. Walimweka kiti cha mbele, binti akamfunga mkanda, akamfuta mdomo, akaufuta tena ingawa ulikuwa mkavu.

Fundi akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nilisimama upande wa dirisha lake, karibu kiasi cha kuona uvimbe wa bafuni ulivyoanza kugeuka kijani.

"Waamie," akasema.

Waambie. Alikuwa na haki yake na bado hakutaka kuipata kwa kunichafua. Alikuwa tayari kupoteza safari ili mimi nisionekane mtu mbaya mbele ya watoto. Ningekuwa na machozi wakati ule yangetoka.

"Waamie, Mhehimia," akarudia, na lile neno la mwisho lilimchukua muda, nalo alilitafuta mwenyewe, nami sikumpa.

Binti alikuwa ameinama dirishani. Hakutaka kuniuliza, nilimwona anavyojikaza, lakini hakukuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Anasema nini?"

Katika miaka yangu yote ya kazi niliapa kila asubuhi kutoa tafsiri ya kweli na kamili, na kila jioni nilirudi nyumbani nimetimiza. Watu walinitupia macho, walinitemea mate koridoni, mmoja alimtuma nduguye anivizie njiani, na sikubadilisha hata silabi.

"Anasema mgongo unamuuma," nikamwambia. "Anataka mto."

Binti akakimbia ndani. Fundi alibaki ananitazama. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, alinisikia vizuri. Binti akarudi na mto, akamwinua kidogo, akauweka nyuma ya mgongo. Angeweza kuukataa. Ule mkono wake mzima ulikuwa hapo juu ya paja, angeutupa mto ule nje ya dirisha, angetikisa kichwa, angesema tena waamie mpaka wote wajue kwamba mkalimani amedanganya. Aliutazama mkono wake. Kisha akaegemea mto, taratibu, na akafumba macho.

Mwanangu alikuwa ameshawasha gari. Alishuka tena, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akanitazama kama mtu anayekagua ukuta aliodhani umejengwa vizuri.

"Haya, Baba," akasema. "Umebaki peke yako, pumzika sasa. Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Nikamwambia ndiyo, ndicho nilichokuwa nakitaka, nikaenda kuwafungulia geti.